Pelletier: Mfamasia aliyefumbua siri ya manjano na kwinini

Na Mwandishi Wetu, Kilwa

MPISHI yeyote wa Kilwa Kivinje anayeunga mchuzi wa samaki kwa manjano anajua jambo ambalo hakufundishwa darasani. Tone la mchuzi likidondokea kanzu nyeupe, doa lake huwa la njano. Likipakwa sabuni, hugeuka jekundu. Na nguo hiyo ikianikwa juani, doa hufifia siku hadi siku.

Mabadiliko hayo si uchawi wala si kasoro ya sabuni. Ni tabia ya kemikali moja iliyomo ndani ya manjano, ambayo hadi leo inawashughulisha wataalamu wa maabara katika nchi nyingi duniani.

Miongoni mwa watu wawili wa kwanza kuitenga kemikali hiyo kutoka katika mmea wake ni mfamasia wa Kifaransa, Pierre-Joseph Pelletier, ambaye alifanya kazi hiyo mwaka 1815 akiwa na umri wa miaka 27.

Jina lake halitajwi sana hapa nchini. Hata hivyo, ni vigumu kuipata familia ya pwani ya Kilwa na Lindi ambayo haikuguswa na kazi yake, kwa kuwa ni mfamasia huyo huyo aliyeshiriki kuitenga kwinini, dawa iliyotegemewa dhidi ya malaria kwa zaidi ya karne moja.

Mtoto wa duka la dawa

Pelletier alizaliwa jijini Paris, Machi 22, 1788, mwaka mmoja kabla ya kuanza kwa Mapinduzi ya Ufaransa. Baba yake, Bertrand Pelletier, alikuwa mfamasia na mkemia mashuhuri aliyekuwa na duka la dawa katika mtaa wa Jacob.

Baba huyo alifariki dunia mwaka 1797 kabla ya kutimiza umri wa miaka 40, akimwacha mwanawe na miaka tisa tu. Pamoja na msiba huo, kijana alifuata nyayo za mzazi wake. Alifuzu ufamasia mwaka 1810, akapata shahada ya udaktari wa sayansi mwaka 1812, na duka la mtaa wa Jacob likawa mikononi mwake.

Ikumbukwe kuwa mfamasia wa zama hizo hakuwa muuza vidonge. Rafu zake zilijaa mizizi, magome, majani, mbegu na utomvu mkavu, vitu ambavyo mpita njia katika soko la Lindi angevitambua upesi kwa sura na kwa harufu.

Tatizo la dawa hizo lilikuwa moja: hakuna aliyejua nguvu yake. Gome la mti mmoja huweza kuwa na dawa nyingi, na la mti wa jirani likawa na dawa kidogo au lisiwe nayo kabisa. Mgonjwa aliyepewa kijiko kimoja cha unga huweza kupona, kutopona au kudhurika, na tabibu asijue sababu.

Wakemia wengi waliotangulia walitafuta siri ya mimea kwa moto. Waliipasha hadi ikaungua, wakapata mkaa, mafuta, maji na gesi. Kwa njia hiyo mmea wa sumu na mmea wa chakula viliweza kutoa majibu yanayofanana, kwa sababu moto uliharibu kile kile kilichokuwa kikitafutwa.

Pelletier alikuwa miongoni mwa vijana waliochagua njia ya upole. Aliloweka mimea katika maji, spiriti, etha na asidi, kimoja baada ya kingine, akiangalia ni kitu gani kinayeyuka wapi. Alianza na utomvu wa miti, akaendelea na rangi ya msandali mwekundu, kisha akageukia manjano.

Unga wa njano

Katika kazi ya manjano alishirikiana na mkemia wa Kijerumani, Heinrich August Vogel. Rangi ya manjano huyeyuka kwa shida sana katika maji, lakini huyeyuka kwa urahisi katika spiriti. Tofauti hiyo ndiyo iliyowezesha rangi kutengwa na wanga, nyuzi na vitu vingine vya tunguu la manjano.

Kitu hicho cha njano kikaitwa kurkumini, kutokana na Curcuma, jina la kitaalamu la mmea wenyewe, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu, kurkum.

Kwa hakika walichokipata hakikuwa safi. Wataalamu waliofuata walibaini kuwa kilikuwa bado kimechanganyika na utomvu na mafuta ya mmea. Umbo kamili la kurkumini lilikuja kuelezwa mwaka 1910, yaani miaka 95 baadaye, na watafiti watatu wenye asili ya Poland: Miłobędzka, Kostanecki na Lampe.

Hata hivyo, mlango ulikuwa umefunguliwa. Pelletier alikuwa ameonyesha kwamba rangi ya mmea ni kitu kinachoweza kutengwa, kuwekwa kwenye mizani na kuchunguzwa peke yake.

Miaka mitatu ya mavuno

Kilichofuata kinashangaza hata leo. Mwaka 1817, akiwa na daktari François Magendie, Pelletier alitenga emetini kutoka katika mzizi wa ipeka, dawa ya kutapisha iliyotoka Amerika ya Kusini.

Kisha akaungana na mfamasia kijana, Joseph Caventou, aliyezaliwa mwaka 1795. Wawili hao ndio walioipa rangi ya kijani ya majani jina la klorofili. Mwaka 1818 walitenga striknini, sumu kali inayotoka katika mbegu za mmea, na mwaka 1819 wakatenga brusini.

Mwaka 1820 waliligeukia gome la mti wa sinkona, maarufu kama mkwinini, unaoota katika milima ya Andes. Wazungu walikuwa wakilitumia kutibu homa za vipindi tangu karne ya 17, lakini biashara yake ilijaa udanganyifu, na unga wake mchungu ulilazimika kunywewa kwa wingi, jambo lililowatapisha wagonjwa.

Pelletier na Caventou waligundua kuwa magome hayakuwa sawa. Gome la kijivu lilikuwa na dawa moja kwa wingi, na la njano lilikuwa na nyingine. Hiyo ya pili waliiita kwinini.

Kuanzia hapo daktari hakulazimika tena kukisia. Aliweza kupima kiasi maalumu cha chumvi ya kwinini kwenye mizani, akampa mgonjwa, na kesho yake akampa kiasi kile kile. Kipimo kikawa kimezaliwa.

Hakudai haki ya kumiliki

Hapo ndipo Pelletier na mwenzake walipofanya uamuzi unaowatofautisha na wavumbuzi wengi wa dawa wa zama zetu. Hawakuomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi huo peke yao. Waliichapisha njia yao yote ili kila mwenye ujuzi aweze kuitumia.

Isidhaniwe kuwa Pelletier alikuwa mtu aliyeichukia fedha. Alikuwa mfanyabiashara, na yeye mwenyewe alitengeneza kwinini kiwandani na kuiuza. Lakini aliiuza akishindana na wengine waliojifunza kutoka kwake.

Mwaka 1827, Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kiliwapa tuzo ya Montyon yenye thamani ya faranga 10,000. Pelletier akawa profesa kamili katika Shule ya Ufamasia ya Paris, na mwaka 1840 akachaguliwa kuwa mwanachama wa chuo hicho cha sayansi, heshima ambayo baba yake aliipata kabla yake.

Alifariki dunia Julai 1842 akiwa na umri wa miaka 54. Caventou alimzidi kwa miaka 35, akafariki mwaka 1877.

Mwaka 1900, sanamu ya shaba ya wafamasia hao wawili ilizinduliwa katika barabara kuu ya Saint-Michel jijini Paris. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Ufaransa ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani, shaba hiyo iliyeyushwa. Mwaka 1951 likawekwa badala yake kumbukumbu la jiwe.

Kwinini yafika pwani ya kusini

Mwaka 1866, mpelelezi David Livingstone aliondoka Mikindani, kusini ya Lindi, kuanza safari yake ya mwisho ya kuelekea bara. Kwinini ilikuwa sehemu muhimu ya sanduku lake la dawa. Januari 1867 sanduku hilo liliibwa, na tangu hapo afya yake ilizidi kudhoofika hadi alipofariki mwaka 1873 katika eneo ambalo sasa ni Zambia.

Lakini ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliyoonyesha wazi zaidi thamani ya kazi ya Pelletier katika mkoa huu.

Septemba 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Kilwa na Lindi. Mwaka uliofuata yalipambana na Wajerumani waliokuwa chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, huko Narungombe mwezi Julai na huko Mahiwa mwezi Oktoba. Katika pande zote mbili, mbu waliwaangusha watu wengi kuliko risasi.

Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na meli za Waingereza, waliishiwa kwinini ya viwandani. Walikuwa na magome kutoka katika miti ya sinkona iliyopandwa Amani, milima ya Usambara, penye kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1902. Magome hayo yalichemshwa, na askari wakayanywa maji yake machungu, ambayo waliyapachika jina la utani la kileo cha Lettow.

Kwa maneno mengine, karibu miaka 100 baada ya Pelletier kuitenga kwinini kutoka katika gome, wanajeshi katika misitu ya kusini walirudi kunywa gome lililochemshwa, bila kujua kwa uhakika ni dawa kiasi gani iliyomo katika kikombe.

Novemba 1917, kabla ya kuvuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, Lettow-Vorbeck aliacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi. Uhaba wa kwinini ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoamua ni nani aendelee na nani abaki.

Waliosahaulika zaidi katika simulizi hizo ni wapagazi. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliobebeshwa mizigo walikufa kwa malaria, kuhara damu, vichomi na njaa. Jina la soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao, Carrier Corps.

Inasikitisha kufikiri kwamba kwa maradhi mawili kati ya hayo, dawa ilikuwepo, na zote mbili zilitoka mikononi mwa mtu mmoja. Kwinini ilikuwa ya malaria, na emetini ilikuwa imeanza kutumika mwaka 1912 kutibu aina ya kuhara damu inayosababishwa na amiba. Pelletier alizifanya dawa hizo ziweze kujulikana na wote, lakini kujulikana si sawa na kumfikia mtu aliyebeba mzigo kichwani.

Katika miongo iliyofuata kwinini iliingia katika hospitali na zahanati za pwani. Wazazi wengi wa leo wanakumbuka dripu yake, na masikio yaliyovuma baada ya kuitumia. Hata ilipokuja klorokwini, kwinini ilibaki kuwa tegemeo la malaria kali kwa miaka mingi, kabla ya sindano za artesuneti kuchukua nafasi ya kwanza.

Deni la manjano

Kama kwinini ilipata kipimo chake katika miaka michache, manjano, ambayo Pelletier aliyashughulikia mapema zaidi, bado hayajapata chao.

Pwani yote manjano ni kiungo cha chakula na pia dawa ya nyumbani. Hupakwa mwilini mwa bi harusi, huwekwa juu ya kidonda, hunywewa na maziwa. Katika miaka ya karibuni yameongezwa sifa nyingine, kuanzia saratani hadi kisukari, na vidonge vyake vinauzwa kwa bei kubwa mijini.

Sayansi inasema nini? Jibu linapatikana kwa kuangalia namna kurkumini inavyoshughulika na mwanga, na namna inavyoshughulika na kundi la kemikali ziitwazo thioli.

Molekuli ya kurkumini ina pete mbili zilizounganishwa na mnyororo wa kaboni, ambamo vifungo vya mara mbili na vya mara moja hupokezana. Mnyororo huo hunasa mwanga wa zambarau na buluu, hasa wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 425. Mwanga unaobaki ndio unaofika machoni, nasi tunaona njano.

Thioli, kwa upande wake, ni kemikali yoyote yenye chembe ya salfa iliyoshikana na haidrojeni. Mwili wa binadamu unazo nyingi. Mashuhuri kati ya hizo ni glutathioni, ambayo hulilinda ini dhidi ya sumu, na nyingine zimo ndani ya protini zinazoendesha kazi za mwili.

Thioli ikikutana na mnyororo wa kurkumini huweza kujishikiza hapo. Mpangilio wa vifungo hukatika, na mahali palipokatika hapanasi tena mwanga ule. Njano hufifia.

Kwa sababu hiyo, mtaalamu anaweza kuipima kasi ya mwingiliano huo bila kuigusa. Huweka mchanganyiko katika kichupa chenye upana wa sentimita moja, akapitisha mwanga wa nanomita 425 au karibu na hapo, na mashine iitwayo spektrofotomita ikasoma ni kiasi gani cha mwanga kimenaswa.

Kanuni inayotumika ilikamilishwa na Mjerumani August Beer mwaka 1852, miaka 10 baada ya kifo cha Pelletier: kadiri kitu kinavyokuwa kingi katika kichupa, ndivyo mwanga unavyonaswa zaidi. Hivyo usomaji ukishuka dakika hadi dakika, mtafiti hujua ni kiasi gani cha kurkumini kimebadilika na kwa kasi gani.

Njia hiyo hutumika pia kwa ndugu wa kurkumini wanaotengenezwa maabara, wenye mnyororo mfupi zaidi. Wapo wanaoikamata thioli upesi, wapo wanaoikamata polepole, na wapo wanaoikamata kisha wakaiachia tena. Kuyajua hayo kunamsaidia mtafiti kuchagua ni kipi kinachofaa kuendelezwa kuwa dawa na ni kipi kitakachodhuru.

Mtego uliomo

Lakini upo mtego, na mpishi wa Kivinje ameuona tayari katika kanzu. Kurkumini haitulii. Katika maji yenye hali inayokaribiana na ile ya damu huharibika yenyewe, na sehemu kubwa yake huweza kutoweka ndani ya nusu saa. Jua nalo huiharibu. Katika sabuni hugeuka nyekundu kwa sababu nyingine kabisa.

Mtafiti asiye makini anaweza kuiona njano ikififia, akadhani ni thioli, kumbe ni maji tu. Kwa hiyo sharti awe na kichupa cha pili kisicho na thioli, akisome sambamba na cha kwanza, kisha atoe tofauti.

Aidha, kemikali inayojishikiza kwa thioli nyingi huweza kuonekana kama dawa ya kila ugonjwa ndani ya kichupa, kwa kuwa hugusa protini nyingi bila kuchagua. Rangi yake nayo huweza kuvuruga mashine zinazosoma kwa mwanga.

Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2017 na kundi la wanakemia wa dawa yalionyesha kuwa zaidi ya majaribio 120 ya kurkumini yalikuwa yamefanywa kwa binadamu. Wataalamu hao walihitimisha kuwa hadi wakati huo hakuna jaribio lililofanywa kwa masharti makali zaidi ya ulinganisho lililofanikiwa. Sababu mojawapo ni kwamba kurkumini kidogo sana ndiyo inayofika katika damu.

Hayo hayana maana kwamba manjano ya jikoni ni mabaya. Yamo katika chakula cha pwani kwa vizazi vingi, na kurkumini ni sehemu ndogo tu ya unga wake, isiyozidi asilimia tano hivi. Jambo la kuangaliwa ni vidonge vyenye kurkumini nyingi. Mwaka 2019 mamlaka za afya za Italia zilichunguza visa vya maradhi ya ini vilivyohusishwa na virutubisho vya aina hiyo.

Wala rangi peke yake si ushahidi wa ubora. Mwaka huo huo wa 2019 watafiti walieleza kuwa nchini Bangladesh baadhi ya manjano yalikuwa yakitiwa kemikali ya njano yenye madini ya risasi ili yang'ae zaidi sokoni.

Hapa ndipo maisha ya Pelletier yanapotufaa. Hakudharau dawa za mimea. Alitumia maisha yake yote kuzishughulikia. Wala hakuziamini kwa sababu ya rangi, uchungu au sifa zake. Alitaka kujua ni kitu gani kilichomo, ni kiasi gani, na kinafanya nini, kisha akawaeleza watu wote namna ya kukipata.

Mimea ya dawa haikosekani katika misitu ya Kilwa na Lindi, na waganga wanaoifahamu wanazeeka. Kazi ya kuiloweka, kuitenga na kuipima bado inasubiri mikono, na inafaa mikono hiyo iwe ya vijana wetu wenyewe.